Kitasa Hakijatoka Mkononi

"Bado," alisema Marlys Tvedt. "Toka, uanze upya."

Hakupaza sauti. Aliinua ngumi yake juu, pale ambapo Darrow angeiona kwenye kioo cha pembeni, na pikapu ikasimama. Bodi lake lilikuwa limeshaingia nusu chini ya kijumba cha kupakiwa mgongoni mwa pikapu, kilichosimama juu ya miguu yake minne ya jeki, na kwa macho ya mtu mwingine yeyote aliyekuwepo kambini, lilikuwa limenyooka kama rula.

Darrow Kittredge alitoa kichwa dirishani. "Kuna nini tena?"

"Umekwenda kushoto."

"Kushoto kiasi gani?"

"Kiasi cha kukufanya utoke."

Kicheko kilipita kwenye viti vya kukunja vilivyopangwa kivulini mwa misonobari. Watu wa kambi walikuja kama wanaokuja harusini, kila mmoja na kikombe chake cha kahawa, na sasa kahawa yenyewe ilikuwa imeanza kupoa. Darrow alirudisha kichwa ndani, akatia gia, akaitoa pikapu polepole mpaka kwenye changarawe.

Sisi watu wa vijumba tuna utaratibu wetu. Tuna kitasa cha mlango, cha shaba, cha mviringo, kinachojaa kiganja. Kilitoka kwenye mlango wa kijumba cha kwanza ambacho mzee Orrin Kittredge alikijenga kwa mikono yake na kukipandisha mgongoni mwa pikapu. Kijumba kile kilioza kwa mvua, kikabaki kitasa. Tangu hapo, kila mwaka kinaondoka ufukweni Maine, upande wa Atlantiki, na kuvuka bara zima kwa mkono wa mtu kwenda mkono wa mtu mpaka Oregon, upande wa Pasifiki. Hakitumwi kwa posta. Hakiachwi kwa jirani. Anayekitoa husimama nyuma ya pikapu ya anayekipokea, akamwelekeza kurudi rivasi chini ya kijumba chake, mpaka atamke mwenyewe, "Kimekaa." Neno hilo halijatamkwa, kitasa hakitoki mkononi. Jua likizama kabla, kinalala kwa mwenye kukitoa. Mzee Orrin alikuwa akisema usimkabidhi mtu kitu cha watu wote kama huwezi kumrudisha nyuma bila kumgongesha.

Hakuna aliyewahi kuuliza itakuwaje kama anayeelekeza hataki.

Kitasa kilikuwa mfukoni mwa koti la Marlys. Darrow, mjukuu wa Orrin, ndiye aliyekuwa mpokeaji wa mwisho. Kutoka kambi ile ya kando ya Mto Clearwater, Idaho, ilikuwa imebaki kutwa moja ya barabara mpaka baharini. Kijumba kilichokuwa kikimsubiri Darrow juu ya jeki, Marlys alikijua kuliko alivyoijua nyumba alimozaliwa. Walikijenga wawili. Yeye ndiye aliyekata madirisha, akashona mito ya viti vya ndani, akapiga rangi ya kijani kwenye kuta. Rangi ilikuwa imepauka upande wa jua. Hakuna aliyeirudia.

Pikapu ilirudi tena. Marlys alikunja vidole, njoo, njoo, njoo. Darrow hakuangalia kitu kingine ila mkono wake. Macho yake yalijaa kwenye kile kioo kidogo, yale yale ya rangi ya chai isiyo na maziwa, na Marlys akakasirika kwa sababu moyo wake uliyatambua kabla hajaupa ruhusa.

Ngumi juu.

"Bado. Toka."

"Marlys." Safari hii alishuka. Alikuja mpaka kwenye pembe ya kijumba aliposimama Marlys, akaegemea karibu ili watu wasisikie. Alikuwa amepata mvi mbili tatu juu ya masikio. Alinuka dizeli na sabuni. "Unafanya kusudi."

"Ndiyo."

Darrow hakutegemea jibu hilo. "Mpaka lini?"

"Una haraka? Mimi sikukujua kama mtu wa haraka. Ila siku moja tu."

Darrow alitazama chini.

Siku hiyo moja wote wawili waliijua. Ilikuwa majira ya baridi, jangwani Quartzsite, Arizona, kwenye mkusanyiko wetu, kesho yake ndiyo wafunge ndoa. Marlys alikwenda mjini kufua nguo zao wote wawili ili waanze maisha na nguo safi. Aliporudi na kapu begani, mahali pao palikuwa peupe. Pikapu haikuwepo, kijumba hakikuwepo. Juu ya meza ya kulia chakula ya kambi palikuwa na mavazi yake mengine, yamekunjwa vizuri, yamewekewa jiwe yasipeperuke. Ni kule kukunjwa vizuri kulikomuuma zaidi. Mtu anayekimbia anapaswa kutupa vitu ovyo. Huyu alikuwa na nafasi ya kukunja.

"Nisikilize," alisema Darrow.

"Panda gari lako. Watu wanangoja."

*

Walipopumzika kidogo, Wilda Pruitt alimletea Marlys kikombe na kipande cha mkate wa mahindi. Wilda alikuwa dereva wa basi la shule mpaka alipostaafu, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuamsha waliolala kiti cha nyuma. Zamu ya kumkabidhi Darrow ilikuwa yake. Marlys ndiye aliyembembeleza wabadilishane.

"Shoga, kule wanawekeana dau," alinong'ona Wilda, na kunong'ona kwake kulisikika mpaka mtoni. "Kuna wanaosema utamwachia kabla ya chakula cha jioni. Wengine wanasema huyo kaka atakuwa anarudi rivasi hata usingizini."

"Wewe umeweka wapi?"

"Mimi nimekaa kimya. Uliniambia unataka kumwona tu."

"Nimemwona."

"Umemwona, umemtoa, umemrudisha, umemtoa." Wilda alikaa kwenye ngazi ya kijumba cha Marlys, ngazi ikalia. "Kisasi ladha yake ikoje?"

Marlys alitafuna mkate polepole. Alikuwa mtu wa kujibu baada ya kufikiri. "Tamu," alisema. "Halafu si tamu. Halafu nataka tena."

"Ndivyo ilivyo. Marehemu mume wangu alinidanganya mara moja, nikamtilia chumvi kwenye kahawa mwezi mzima. Unajua alifanya nini? Alikunywa. Kila siku alikunywa, anasema asante mpenzi. Mwishowe nikachoka mimi." Alicheka, kisha akaacha. "Yule pale pia anakunywa, Marlys. Mwangalie. Mwanamume mwingine angeshatukana."

Marlys alimwangalia. Darrow alikuwa amekaa kwenye usukani na mlango wazi, mikono magotini, anasubiri aitwe.

"Anywe tu," alisema. "Chumvi bado ninayo."

Hakumaliza kusema, akaona mwanamke mwembamba wa koti jekundu anakatisha uwanja na kijibwa kwapani. Wilda aliinuka. "Mama mkwe huyo anakuja," alisema. "Aliyekaribia kuwa. Mimi sipo."

Bi Verna Kittredge alikuwa mjane, na Darrow ndiye mwanawe pekee. Alisimama mbele ya Marlys, akamweka mbwa chini, akamchukua tena.

"Umefurahi?" aliuliza.

"Shikamoo, Bi Verna."

"Marahaba, na usinitilie adabu ya mdomoni. Unamchezesha mwanangu kama dubu wa sarakasi mbele ya watu waliomjua tangu anavaa nepi."

"Ninamwelekeza. Kazi ya anayetoa ni kuelekeza."

"Macho ninayo. Ile pikapu ilikuwa sawa tangu mara ya kwanza."

"Basi aje kuelekeza mwenye macho. Lakini kitasa kiko kwangu."

Bi Verna alivuta pumzi. Si mwanamke mbaya. Walioishi naye wanajua alivyomuuguza baba mkwe wake, mzee Orrin, miaka mingi bila kunung'unika. Lakini kila mtu ana mlango mmoja asiopenda ufunguliwe, na wake ulikuwa huu: mume wa zamani wa Marlys alikuwa Royce, mtoto wa dada yake wa tumbo moja. Marlys alipoachana na Royce, ukoo ulinung'unika. Alipoonekana akicheka na Darrow, ukoo uligawanyika. Dada yake Bi Verna hajala mezani kwake tangu wakati ule.

"Ulimwacha mtoto wa dada yangu," alisema, "ukaona haitoshi, ukaja kwa wangu. Nyumba moja ulitoka kwa mlango, ukataka kuingia tena kwa dirisha. Nilimwambia Darrow: mwanamke aliyejua kuondoka mara moja, njia anaijua."

"Royce alikuwa akinipiga, Bi Verna. Na wewe ulijua."

Kijibwa kilibweka. Bi Verna alikifunga mdomo kwa vidole viwili.

"Mambo ya ndani hayaanikwi," alisema, lakini sauti ilikuwa imeshuka.

"Ndiyo maana hukuyaanika. Ulikaa nayo, ukasubiri mwanao anipende, ukamwambia achague kati yangu na mlango wako. Mimi nilipotoka kwa Royce nilitoka mchana, nikamwambia usoni ninakwenda. Mwanao alingoja niende kufua. Kuondoka kwa namna ile hakujifunza kwangu."

Bi Verna alisema jambo ambalo pengine hakukusudia: "Wewe utampata mwingine. Mimi nikimkosa huyu, nitabaki na mbwa."

Kama angesema hivyo miaka iliyopita, Marlys angemshika mkono. Leo alilipokea neno lile kama mtu anayepokea jiwe la kurushia.

"Basi mshike vizuri mbwa," alisema, akaenda kusimama mahali pake.

*

"Rudi!" aliita.

Safari hii hapakuwa na mchezo. Aliona kila kitu waziwazi, kama mtu anavyoona mawe chini ya maji ya Clearwater: bodi la pikapu likija, tairi za nyuma, na mguu wa mbele wa kushoto wa kijumba, ule mwembamba wa chuma unaobeba robo ya uzito wote. Pikapu ilikuwa imeingia upande kidogo. Kidogo tu. Madigadi ya nyuma yalikuwa yakielekea kwenye mguu ule sawasawa.

Alipaswa kufunga ngumi. Vidole vyake viliendelea kukunja. Njoo. Njoo.

Aliwaza mambo mengi kwa muda mfupi. Aliwaza mguu ukipinda, kijumba kikiinama kama ng'ombe anayepiga magoti, kuta za kijani zikipasuka juu ya changarawe mbele ya viti vyote vile. Angesema: samahani, mkono umenichanganya. Nani angebisha? Kila mwaka mtu hugonga jeki. Ni ajali yetu, tunayo kama wavuvi walivyo na kuzama. Darrow angebaki amesimama mahali peupe, hana pa kulala, na mito ya viti kifuani.

Njoo.

Kwenye kile kioo kidogo, macho ya Darrow hayakutoka kwenye mkono wake.

"Marlys!" Ilikuwa sauti ya Wilda, sasa ya basi kweli.

Ngumi.

Breki zililia. Chuma kiligusa chuma, kwa sauti ndogo kama ya kijiko kwenye kikombe, na kijumba kizima kikatikisika juu ya miguu yake. Ndani kitu kilianguka kikavunjika. Mguu ulisimama.

Darrow alizima injini na kushuka. Alipiga goti kando ya tairi, akapitisha kidole kati ya madigadi na mguu wa jeki, pale mbele kidogo ya palipogusana. Kidole kilipita kwa shida. Marlys naye alikuwa amepiga goti upande wa pili wa mguu, bila kujua ni lini. Wakawa uso kwa uso, chuma kile chembamba katikati yao.

"Ungeweza," alisema Darrow.

"Ningeweza."

"Kwa nini hukufanya?"

"Yale madirisha niliyakata mimi." Alificha mikono kwapani. "Uliuona mguu. Kwenye kioo chako unaonekana. Uliuona?"

"Niliuona."

"Mbona hukusimama, mjinga wewe?"

"Vidole vyako vilisema njoo."

Marlys alitaka kumpiga kofi. Alitaka pia kuweka paji la uso wake kwenye shingo yake, pale palipoungua kwa jua, alale. Haja zote mbili zilikuja pamoja, na ile ya pili ikamtia hasira zaidi ya ile ya kwanza.

"Usinifanyie ushujaa leo," alisema. "Siku ya kuningoja ilikuwepo. Ulikuwa wapi?"

"Unataka kujua kweli?"

"Niko hapa nimepiga goti kwenye mawe. Unadhani naswali?"

Darrow alikaa chini kabisa, mgongo kwenye tairi. Aliongea akiutazama mguu wa jeki. "Niliondoka ovyo. Nilifunga minyororo ya mbele ya kijumba, ya nyuma nikaisahau. Nilipofika kwenye korongo la kwanza, kijumba kikateleza, kikakaa upande, nikashindwa kwenda mbele na kurudi. Nikasimama kando ya barabara. Nikasema, Mungu amenizuia. Nikasema, nikifunga minyororo hii nitageuza. Nilikuwa naifunga, na nilikuwa nageuza, Marlys, naapa. Halafu nikaona gari jeupe linakuja kutoka mjini, la yule mama wa Kanada jirani yetu wa kambi, na wewe umekaa mbele. Ulikuwa umekumbatia kapu la nguo."

Marlys alishika mguu wa jeki.

"Ungenyoosha shingo kidogo ungeniona. Nikaingia ndani ya pikapu." Aliokota kokoto, akaiacha. "Nikajilaza kwenye kiti. Mpaka gari likapita."

Miaka yote ile Marlys alikuwa amemjengea sababu. Mama alimshika. Mama aliugua. Gari liliharibika, simu iliisha chaji, alipigwa, alipotea. Alikuwa amemjengea sababu nzuri kuliko kijumba. Kumbe alijilaza kwenye kiti.

"Sikuomba uniambie ukweli wote," alisema mwishowe.

"Uliuliza."

"Nilidhani utadanganya kidogo, kama mtu mwenye adabu."

"Nimechoka kudanganya. Babu hajasema na mimi tangu Quartzsite. Alinifungia mlango. Alisema nisimwoneshe uso mpaka nije na..."

Bi Verna alikuwa amefika, koti jekundu wazi, mbwa hayuko tena kwapani.

"Mwambie!" alifoka. "Mwambie, Darrow, au nitamwambia mimi. Unakaa kwenye mawe unamwagia moyo, muuguzi ameshapiga simu asubuhi!"

"Mama, nyamaza."

"Sinyamazi. Marlys, mzee Orrin hali chakula. Yuko kitandani kule Newport, Oregon, dirisha linatazama bahari, na kila anayeingia anamuuliza neno moja: kitasa kimefika wapi? Daktari anasema ni suala la siku. Na wewe umemshikilia mtu hapa mchana kutwa, toka, rudi, toka, rudi!"

Viti vya kukunja vilikuwa vimesogea karibu bila mtu kuviona vikisogea. Marlys alisimama. Mzee Orrin ndiye aliyemfundisha kufunga minyororo, kaza mpaka iimbe, binti, isilie, iimbe. Ndiye peke yake wa ukoo ule aliyempigia simu baada ya Quartzsite, na hakusema mengi; alisema, "Nina aibu ya jina langu."

"Kwa nini hukuniambia?" alimuuliza Darrow.

"Ungenipa kwa huruma. Sikutaka kukipata hivyo."

"Hukutaka." Alilirudia neno polepole. "Babu yako yuko kitandani anauliza, na wewe unachagua utakipataje. Huo nao ni kujilaza kwenye kiti, Darrow. Umebadilisha kiti tu."

Darrow alifumba macho kama aliyepigwa.

"Basi mpe," alisema Bi Verna. "Umeshasikia. Mpe, aondoke sasa hivi, afike."

Marlys alitia mkono mfukoni, akakishika kitasa. Kilikuwa na joto la mwili wake. Watu wote walikuwa wakiutazama mfuko ule. Alijua kwamba akikitoa sasa, kila mtu angemsifu, na Darrow angeingia chumba kile cha Newport akinyoosha mkono mbele, mtu aliyevuka milima kwa ajili ya babu yake, na mzee angetabasamu, na jambo lote lingekuwa limesafishwa. Kisafishio angekuwa yeye, kwa mara nyingine.

"Sikilizeni," alisema kwa watu wa vitini. "Hakijakaa. Kitasa kinalala kwangu, ndivyo utaratibu ulivyo. Na kesho jua likichomoza tu, ninakwenda nacho Newport mwenyewe. Nitamwekea mzee mkononi mimi."

Minong'ono ilipanda. Mtu alisema haijawahi kutokea. Wilda akamjibu kwamba mambo yote hayajawahi kutokea mpaka yatokee, na kama ana neno aje amwambie yeye.

"Mwizi!" alisema Bi Verna. "Ni babu yake, si wako!"

"Gari lako lina mafuta, Bi Verna. Barabara ni ya wote. Nifuate."

Kisha akamgeukia Darrow na kushusha sauti, maana haya hayakuwa ya vitini.

"Kwangu kuna kiti kimoja cha mbele. Ukitaka, panda. Si kama mume, wala mchumba. Abiria. Kijumba chako utakiacha hapa kwenye miguu yake, Wilda atakiangalia. Na tukifika, utaingia nyuma yangu, mikono mitupu, na utamwambia babu yako ulichoniambia mimi. Habari ya kiti. Yote. Nikiwa nimesimama pale ninasikia."

"Itamuua."

"Haitamuua. Ni wewe unayeogopa kufa."

Darrow alitabasamu kidogo, tabasamu la mtu aliyekamatwa. Ni lile lile lililompata Marlys siku ya kwanza, na alilichukia, na alilitazama mpaka likaisha.

"Na baada ya hapo?" aliuliza Darrow.

"Baada ya hapo sijui. Usinisukume, nimekasirika, na nitaendelea kukasirika njia nzima. Sitakuongelesha. Nitaendesha na dirisha wazi hata kukiwa na baridi."

"Umekuwa mkatili."

"Nimejifunza. Ilinichukua muda, lakini nilikuwa na nafasi."

Jua lilikuwa limefika kwenye mgongo wa kilima ng'ambo ya mto, na kivuli cha misonobari kilikuwa kimefunika viti. Watu walianza kuvikunja. Mahali fulani maharage na nyama vilikuwa vikichemka. Darrow aliitoa pikapu kutoka chini ya kijumba, peke yake, bila mtu wa kumwelekeza, na hakugusa kitu.

"Kiteremshe," Marlys alimwambia. "Hakiwezi kulala juu hivyo, upepo wa bondeni utakiangusha."

Darrow alichukua mpini mmoja, Marlys akachukua mwingine. Jeki huteremshwa moja moja, kidogo kidogo, ili kijumba kisiinamie upande; ni kazi isiyokubali hasira. Walizunguka bila kusema, huyu mguu wa mbele, huyu wa nyuma, wakisimama kungojana. Kwenye mguu wa tatu mikono yao ilikutana kwenye mpini. Hakuna aliyeutoa wake mara moja.

"Darrow!" Bi Verna aliita kutoka mlangoni kwake. "Chakula!"

Aliendelea kuzungusha.

"Darrow! Nimekuita!"

Marlys alimwangalia kwa pembe ya jicho. Hakumsaidia. Hakusema nenda, wala baki. Alijipangusa mafuta ya jeki kwenye suruali, akapachika mpini wake mahali pake, na akaanza kuelekea kwenye kijumba chake, mkono mfukoni, vidole vimekizunguka kitasa.

"Bado mmoja," alisema Darrow nyuma yake. "Mguu wa nne, umebaki mizunguko miwili."

"Huo kesho asubuhi," alijibu bila kugeuka. "Ukiwepo."